Maiki Mbili Zinatosha, Tuache Kusubiri

Kwenye kikao cha klabu yetu ya muziki tumebishana saa nzima kuhusu maiki za kurekodi dramu. Wengi wanataka tusubiri mpaka tupate hela ya maiki nane, kila ngoma na yake. Nilipinga, na bado napinga.

Likizo iliyopita vijana wa kwaya kule nyumbani Bangwe waliniomba niwarekodie. Mwenye laptopu mtaani kwetu ni injinia, hata kama anasomea ualimu. Nikamega bumu, nikanunua jozi ya maiki ndogo za kondensa, za daraja la Behringer C-2, zile zinazouzwa mbili mbili. Zinahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kile kiboksi cha kuunganishia na laptopu. Ukisahau kubonyeza swichi yake, hazisemi kitu.

Siku ya kwanza ilikuwa aibu. Dramu zililia kama debe tupu, nami nikalaumu bei. Kumbe maiki moja ilikuwa karibu na snea, nyingine mbali. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo tofauti ya sentimita 34 tu inauchelewesha mlio kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ukizichanganya maiki hizo, baadhi ya sauti zinafutana na ngoma inakonda. Dawa yake ni kamba ya nyavu, na Bangwe haikosekani: shika ncha moja katikati ya snea, pima mpaka maiki ya kwanza, halafu ya pili, zilingane.

Kero ya pili ilikuwa bati. Mlio unapanda, unagonga bati, unarudi kwenye maiki. Tukatundika mablanketi mawili juu ya mpigaji. Na ni kweli, maiki za bei hii zinachoma masikio kwenye matoazi. Tulimwomba kaka anayepiga apunguze mkono, basi. Hakuna kifaa kingetusaidia zaidi ya hapo.

Hugh Tracey alipopita Tanganyika mwaka 1950 kurekodi ngoma zetu, mara nyingi alishika maiki moja mkononi na kuisogeza kwa mpigaji. Rekodi zake zipo hadi leo Afrika Kusini. Sisi tuna maiki mbili na laptopu, tunasubiri nane?

Kuna mzee mtaani kwetu aliyepiga ngoma za Kiha kwenye harusi tangu sijazaliwa. Tulimwahidi tutamrekodi vifaa vikikamilika. Tumemzika mwezi wa 3, na sina hata dakika moja ya mkono wake.

Hela iliyopo kwenye klabu inatosha jozi moja na stendi mbili. Stendi ziwe nzito jamani, maana ile nyepesi niliyoazima ilidondoka katikati ya wimbo.