Wanafunzi wa fildi redioni

Vijana wa fildi, wanafunzi wa chuo walio kwenye mafunzo kwa vitendo, ndio wanaobeba vipindi vya mazungumzo vya asubuhi, na msikilizaji wala hajui. Simu ikiita, nani anaipokea kabla haijaingia hewani? Kijana wa chuo. Anauliza jina, unapiga kutoka wapi, unataka kuchangia nini, kisha: "Mzee, punguza redio yako, sauti inajirudia." Hapo hapo aamue kama mtu huyu ana hoja au anatafuta wa kumtukana. Tusi likipita hewani, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) haimuiti mwanafunzi, inakiita kituo. Hiyo ni kazi ya uhariri, tena nzito, na bado wengi hawapewi hata nauli ya daladala.

Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 imeleta ithibati kwa wanahabari. Sawa. Kama mwanahabari anadaiwa ithibati, basi kituo kinachompokea mwanafunzi kimpe mhariri wa kukaa naye, siyo kumsainia kitabu cha fildi siku ya mwisho bila kukisoma. Na ninyi wahadhiri mnaokuja kukagua, msiishie mapokezi. Ingieni studio, vaeni hedifoni, msikilize anachofanya mwanafunzi.