Diski ya Babu Ilisubiri Zaidi ya Miaka 30. Google Inakusubiri 2

Wasee, tuongee kidogo. Wiki iliyopita niliweka video ya sekunde 40: kompyuta ya zamani, skrini ya kijani, mimi na fundi mmoja mzee wa redio hapa sokoni Ekalakala tukitoa kitu cheusi kama lami ndani ya mashine kwa pamba na spiriti. Komenti ya kwanza: "Buda, peleka hiyo takataka makumbusho." Ya pili: "Kwani kontenti imeisha?" Ya tatu ilitoka kwa binamu yangu mwenyewe, ati nimeanza kuzeeka kabla sijaoa.

Sawa, mmecheka. Sasa nipeni dakika chache niwajibu, kwa sababu ile siku sikuwa natafuta laiki. Nilikuwa natafuta maneno ya babu yangu.

Mashine yenyewe ni Amstrad PCW 8256. Ilitoka Uingereza mwaka wa 1985, na watu waliinunua kwa sababu moja: kuandika. Kibodi, skrini na printa vilikuja pamoja. Haina hadi diski ya ndani kama laptop yako. Ukiiwasha bila kuingiza diski, inakuonyesha skrini ya kijani tupu na kunyamaza. Kila kitu, hata programu ya kuiamsha, kinasomwa kutoka kwa flopi. Na si zile flopi za inchi tatu na nusu mnazozijua kwa sababu ya alama ya "hifadhi" kwenye programu zenu. Hizi ni za inchi tatu kamili, plastiki ngumu, zinabeba kilobaiti 180 kila upande. Picha moja tu ya simu yako haiwezi kuingia humo. Lakini maandishi matupu? Yanaingia kurasa nyingi sana.

Babu alikuwa karani Thika. Ofisi yao ilipopata kompyuta mpya, hii ya zamani akapewa yeye. Alipostaafu akaja nayo nyumbani, na watu wa hapa wakawa wanasema mzee ameleta televisheni isiyoshika stesheni. Kila jioni palipokuwa na stima alikuwa anaandika. Alipoaga, susu akaifunika kwa leso na kuiweka juu ya kabati, na diski tisa ndani ya mkebe wa biskuti. Kwenye moja ameandika kwa kalamu "1989 – vivuko". Tumekua tukiona huo mkebe. Hakuna aliyejua kuna nini ndani.

Mwaka huu nikasema basi. Nikaiwasha. Skrini ikawaka kijani, nikaingiza diski ya kuanzia, mashine ikalia mara tatu, piip piip piip, ikakataa. Nikabeba hiyo mashine yote, na ni nzito, hadi duka moja Nairobi lenye kioo na kiyoyozi. Kijana wa pale hakufungua hata skrubu moja. Aliitazama, akacheka, akaniambia, "Hii haitengenezeki, bro. Tupa, nunua kitu kipya." Kisha akanionyesha bei za laptop.

Hilo neno, haitengenezeki, ndilo limenifanya niandike hii posti. Mtu ambaye hajafungua kitu anawezaje kujua kwamba hakitengenezeki? Alichokuwa anasema kwa kweli ni "sijui", lakini dukani neno "sijui" haliuzi laptop.

Nikarudi nyumbani. Mzee wa redio hapa sokoni hana kiyoyozi. Ana meza, kivuli cha bati, na lundo la redio kaseti ambazo nyinyi mnaona ni takataka. Nilipomweleza, aliuliza swali moja tu: ndani kuna kitu kinachozunguka? Nikasema ndiyo, diski inazungushwa na mota. Akasema, "Basi mwanangu, hiyo ni kaseti iliyoenda shule. Lete."

Kwanza alinifundisha kuogopa, na hii nataka mnaotazama video za kufungua vitu mnisikilize. Kwenye PCW, kisoma diski kiko ndani ya kasha moja na skrini, na skrini ile ni ya bomba la kioo kama TV za mgongo. Bomba hilo linaweza kushikilia umeme mkali hata ukishachomoa waya ukutani. Mzee ametengeneza TV miaka mingi, kwa hivyo alijua kuutoa huo umeme kabla mkono wake haujaingia. Mimi nilisimama mbali mikono mfukoni. Kama huna mtu wa aina hiyo, usifungue. Siongezi neno.

Baada ya hapo ugonjwa ulionekana wazi. Mota haizungushi diski moja kwa moja. Kuna mkanda bapa wa mpira unaotoka kwa mota hadi kwenye gurudumu la kuzungushia diski. Mpira ukikaa miaka mingi unachoka: unalegea, unakatika, au unayeyuka na kuwa ile lami mliyoona kwenye video. Mota inazunguka, diski imetulia, kompyuta inadhani diski ni mbovu. Hivi visoma diski vya inchi tatu vinajulikana kwa ugonjwa huu, na redio kaseti zina ugonjwa uleule. Ndiyo maana mzee aliujua kabla hajauona. Yule kijana wa duka, na shahada yake ukutani, hakuujua.

Tulisafisha lami yote kwa pamba na spiriti, taratibu, kwa sababu ikibaki hata kidogo kwenye gurudumu, mkanda mpya utateleza. Tukafuta na kichwa cha kusomea. Kisha tukatafuta mkanda. Jaribio la kwanza ni langu, na lilikuwa la kijinga: nilikata pete kutoka kwa tyubu ya baiskeli. Ilizunguka, lakini kwa kuvuta na kuachia, unene wake haukuwa sawa pande zote. Diski hizi zinatakiwa kuzunguka mara 300 kwa dakika, kwa mwendo uliotulia. Zikiyumba, kichwa kinasoma vurugu. Rababendi za kufungia pesa nazo zinavutika tu. Mwishowe mzee akachakura kwenye kopo lake la mikanda ya redio kaseti, akapima kwa macho, akavuta kwa vidole viwili, akasema huu. Usikaze sana, mota italemewa. Usilegeze sana, utateleza. Hakuna chati aliyoangalia.

Tukaunganisha. Nikaingiza diski ya kuanzia. Badala ya zile piip tatu, mistari ikaanza kushuka kwenye skrini, mmoja baada ya mwingine, hadi ikajaa. Susu alikuwa amekuja na kuketi kwenye benchi la mzee. Hakusema kitu.

Ile diski ya "vivuko" ilisoma. Babu alikuwa ameorodhesha mahali watu walipokuwa wakivuka Mto Tana kwa miguu wakati wa kiangazi, jina kwa jina kwa Kikamba, nani alizama wapi, ng'ombe walipitishwa wapi, mti gani ulikuwa alama. Bwawa la Masinga lilikamilika mwaka wa 1981. Tazama ramani leo: pale ni maji matupu. Hayo majina hayapo kwenye ramani ya simu yako, na nimetafuta mtandaoni sijayaona. Yalikuwa kwenye mduara wa plastiki ndani ya mkebe wa biskuti, na kilichoyafungia ni mkanda wa mpira wa bei ya chapati mbili.

Utepe wa printa ulikuwa umekauka zamani, kwa hivyo nilipiga picha skrini kwa simu, ukurasa baada ya ukurasa. Karibu usiku mzima.

Sasa nirudi kwenu wa makumbusho.

Mnasema mambo ya siku hizi yako salama kwa sababu yako kwenye wingu. Yako salama kwa masharti ya nani? Mwezi Mei 2023, Google walitangaza kwamba akaunti ya kibinafsi isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa, pamoja na barua pepe, faili na picha zake, na kwamba ufutaji ungeanza Desemba mwaka huohuo. Hawajaficha, ni sheria yao, wana haki nayo. Lakini hebu fikiria babu angekuwa ameandika yale majina kwenye akaunti ya Google badala ya flopi, kisha akaaga, na sisi tukaa kwa huzuni na uvivu wetu miaka yote hiyo. Tungekuta nini? Na hapo hakuna mzee wa redio wa kukuokoa, kwa sababu hakuna skrubu ya kufungua.

Halafu angalia hiyo simu uliyoshika. Betri imegundishwa. Kioo kimegundishwa. Fundi wa hapa Ekalakala anabadilisha betri kwa kupasha moto mgongo wa simu akiomba Mungu kioo kisipasuke. Huo ni uamuzi wa mtu aliyekaa kwenye kiwanda akachagua gundi badala ya skrubu, na anayelipia ni wewe kila baada ya miaka miwili. Umoja wa Ulaya walipitisha sheria ya haki ya kutengeneza mwaka wa 2024, inayowabana watengenezaji wa simu na vitu vingine wakubali vitu vyao virekebishwe. Sisi tunaonunua simu kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo kila siku ndio tungefaa kuwa wa kwanza kupiga hiyo kelele. Badala yake tunacheka mtu anayeshika bisibisi.

Mwaka wa 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na chini ya robo ndiyo iliyorekodiwa kuwa imekusanywa na kuchakatwa vizuri. Nimechangia, sikatai. Rudini nyuma kwenye ukurasa huu muone video zangu za kufungua boksi za simu mpya. Zina watazamaji mara kumi ya ile ya flopi. Nilikuwa nasema "hii ya zamani sasa tupa kule" huku natabasamu. Hakuna kampuni iliyonilazimisha, nilijipa kazi ya kuwatangazia bure. Hizo video sitazifuta, ziwe ushahidi. Lakini hiyo sentensi hamtaisikia kwangu tena.

Najua mtu atasema flopi imekufa, hata Sony waliacha kuzitengeneza mwaka wa 2011. Ni kweli. Pia ni kweli kwamba jeshi la Marekani lilitumia flopi za inchi nane kwenye mfumo wa kuamrisha silaha za nyuklia hadi 2019, na serikali ya Japani ilimaliza kuondoa masharti ya kutumia flopi kwenye ofisi zake mwaka wa 2024. Wale hawakuitwa washamba. Wao walikuwa "waangalifu".

Na simwambii mtu arudi kuandika kwenye flopi. Diski zinaoza. Mbili kati ya tisa zina ukungu, na nyingine inasoma nusu kisha inakwama. Kama ningengoja miaka mitano zaidi huenda hata ya vivuko ingekuwa imeenda. Pia si kila fundi ni mzee wangu, kuna wanaobadilisha kipuri kizuri kwa kibovu ukigeuka kununua soda, tunawajua. Lakini duka la kioo pia lilinichezea, tena kwa tabasamu.

Kinachoniuma zaidi ni huyu mzee. Nchi hii iliandika waraka mzima wa serikali kuhusu jua kali mwaka wa 1992, tukakubali kwamba hawa ndio wanaoshikilia uchumi. Lakini mimi nimekaa shule miaka kumi na miwili, na hakuna siku hata moja tulipelekwa kukaa kwenye meza ya fundi. Tuliambiwa tusome tusije tukawa kama yeye. Ana kopo la mikanda ambalo hakuna mwingine anajua kulipangilia, hana mwanafunzi, na nilipomuuliza malipo alisema nimpe ya chai. Nikampa bei aliyokuwa akitaka yule kijana wa laptop kwa "kuangalia tu". Akashangaa, akanirudishia mia mbili.

Kwa hivyo kabla hujaniandikia "takataka", nenda nyumbani uulize: kuna kaseti za harusi? Kuna kamera ya zamani, simu ya mama iliyokufa na picha zake, mkebe juu ya kabati? Usiniletee mimi, mimi sijui kitu, nilikata tyubu ya baiskeli. Mpelekee fundi wa redio wa soko lenu, na ukikuta hatua inayohitaji mikono ya ziada, kaa hapo umshikie tochi.

Jumamosi narudi kwake na zile diski mbili za ukungu. Anasema kuna namna ya kulifungua ganda na kuosha ule mduara wa ndani polepole, lakini tujaribu kwanza na diski tupu tusije tukaharibu. Moja ina maandishi ya babu kwenye lebo, imefifia, susu anadhani ni jina la mama yake. Video itakuwa ndefu safari hii. Binamu, wewe usitazame.