Tongoni nayo inastahili adabu ya mahali patakatifu

Anayekwenda Vatikani kutazama dari ya Sistine aliyoichora Michelangelo hukuta masharti: mabega yafunikwe, sauti ishushwe, picha zisipigwe. Masharti hayo hayajawafukuza wageni. Ndiyo maana siafiki hoja kwamba kuwaalika watalii kwenye magofu ya Tongoni, kusini mwa jiji la Tanga, ni kuwavunjia heshima waliozikwa pale. Kinachovunja heshima ni mtu kuingia bila mwenyeji, akaegemea mnara wa kaburi apate picha nzuri.

Wapo wanaosema magofu yetu hayana sanaa ya kumtoa mtu mbali. Wakaangalie vizuri. Pana msikiti wa kale na makaburi yapatayo 40, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ni pachache mno pwani hii panapokusanyika makaburi mengi ya minara kiasi hicho. Waislamu wa pwani hawakupamba kaburi kwa sura ya mtu. Ustadi waliuweka kwenye fremu za mawe zilizochongwa, na juu wakapachika vyombo vya kauri kutoka China. Leo mahali pa baadhi ya vyombo hivyo pamebaki vishimo vya mviringo, na hilo linaniuma kweli. Basi kiingilio kianzie hapo: kilipe walinzi wa kijijini, kinunue kanga za kusitiri wageni mlangoni, na kigharimie mafundi wa chokaa, kwa kuwa saruji hufungia unyevu ndani na kuyamomonyoa matumbawe.