Neno la Mhariri: Kabla ya Stockley, Maji Yalikwisha Fika Mjini

Mwaka 1928 umenichosha. Karibu kila andiko linalotufikia kuhusu miamba na maji ya Unguja linaanzia hapo, kwenye ripoti ya jiolojia ya G. M. Stockley iliyotolewa na Mpigachapa wa Serikali hapa hapa Unguja, utadhani kabla yake watu wa kisiwa hiki walikuwa hawajui wanakanyaga nini. Hata humu, katika toleo nililoliomba mwenyewe, waandishi wengi wameingilia mlango huo huo. Nimewaachia. Lakini ukurasa huu ni wangu.

Stockley simdharau. Visukuku alivyovikusanya vilipelekwa Uingereza, L. R. Cox akachambua makombe na konokono, A. Morley Davies akachambua viumbe wadogo wa Pemba wasioonekana bila hadubini, na kazi yao ikachapishwa mwaka 1927, mwaka mmoja kabla ya ripoti yenyewe. Mpangilio wa tabaka aliouweka ndio ambao wanajiolojia wameendelea kubishana nao tangu hapo, na ripoti inayobishiwa miaka tisini na zaidi si ripoti ndogo. Mwaka 1942 aliirudia mada hiyo katika Geological Magazine, safari hii akitazama visiwa vyetu vinavyohusiana na bara. Kati ya miaka hiyo alikuwa Tanganyika, kwenye makaa ya mawe ya Ruhuhu. Na hapo ndipo penye tofauti. Tanganyika ilikuwa na idara nzima ya uchunguzi wa jiolojia Dodoma. Ilikuwa na dhahabu ya Lupa, na mwaka 1940 ikapata almasi ya Mwadui. Sisi tulikuwa na mawe ya matumbawe, mchanga, udongo na chokaa. Nadhani serikali isiyonusa dhahabu haioni sababu ya kuajiri idara, ndiyo maana historia yetu ya jiolojia imebanwa katika jina la mtu mmoja na tarehe moja.

Mimi naanzia kwenye maji. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua maelfu ya watu Unguja. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu mjini wakati huo, alichapisha kitabu London mwaka 1876, na ndani yake ameandika mengi kuhusu usafi wa mji na visima vyake. Mji Mkongwe umekaa juu ya rasi iliyo chini, nusura izungukwe na bahari. Visima vyake vifupi, majirani wake ni vyoo na maji ya chumvi. Barghash bin Said alishika utawala mwezi Oktoba 1870, maradhi yakiwa bado yanazungumzwa mabarazani. Uhamishoni Bombay alikwisha kuona jinsi mji mkubwa unavyoletewa maji kutoka mbali. Katika enzi yake, iliyokwisha mwaka 1888, mji ukaletewa maji ya bomba kutoka chemchemi za kaskazini, upande wa Bububu.

Hebu tufikirie kazi hiyo ilitaka nini. Kwanza kujua chemchemi ipi haikauki kiangazi. Pili kukadiria inatoa kiasi gani, maana hakuna anayelaza bomba kwa maili kadhaa ili apate kikombe. Tatu kupima mteremko, kwa sababu maji yalitakiwa yashuke kwa uzito wake mwenyewe, na mgongo wa Masingini, sehemu ya juu kuliko zote Unguja, haufiki hata mita 130. Juu ya yote, kuelewa kwa nini maji yatoke pale na si kwingine: mvua ya masika inazama kwenye mchanga wa mgongo ule, inateremka mpaka ikutane na udongo wa mfinyanzi usiopitisha, kisha inatambaa pembeni na kufumka chini ya kilima. Aliyezichagua chemchemi zile alikuwa ameusoma mgongo ule. Hakuacha ripoti. Aliacha maji, na chemchemi za Bububu na Mtoni zingali katika hesabu ya maji ya mji mpaka leo.

Mmoja wa wahakiki wetu ameniandikia kwamba huo ni uhandisi, si sayansi. Kwamba mabomba na mafundi yalitoka nje. Na kwamba kuita hivyo uchunguzi wa serikali ni kumpamba sultani. Sultani hana haja ya kupambwa na mimi, alijijengea Beit al-Ajaib. Na Stockley naye alitoka nje. Tukisema uchunguzi ni ule tu uliopigwa chapa, basi tumeshaamua kabla ya kuanza kwamba mshindi ni mwenye mtambo wa kuchapa.

Ukanda wa mashariki nao una hoja yake. Zaidi ya nusu ya Unguja ni nchi ya maweni, ambako mvua haikai juu ya ardhi hata siku moja na vijito vinavyotoka magharibi, ukiwemo Mwera, vinaishia kumezwa na miamba. Huko maji matamu yako chini, ndani ya mapango na nyufa, yakielea juu ya maji ya bahari. Anayechimba akazidisha kina, au akavuta kwa pupa, hupandisha chumvi, na chumvi ikishapanda haishuki kwa dua. Ulaya kanuni ya jambo hili inahesabiwa kwa majina ya Badon Ghyben, mwishoni mwa miaka ya 1880, na Herzberg, mwaka 1901: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, zipo kama 40 chini yake. Hesabu hiyo ni nzuri na wanafunzi waijue. Lakini Makunduchi na Jambiani zimekaliwa karne nyingi kabla ya Herzberg, na hakuna kijiji kinachodumu karne juu ya matumbawe kama wachimba visima wake hawajui pa kusimamisha sururu. Hata Calton na wenzake, walipochapisha uchunguzi wao wa udongo wa Zanzibar mwaka 1955, waliupanga kwa majina ya wakulima: kichanga, kinongo, kinamo. Wataalamu wale walikuta kazi ya kugawa imeshafanywa.

Sasa mafuta, maana bila mafuta siku hizi hakuna anayefungua jarida. Makala ndefu kuliko zote humu inahusu BP na Shell, waliopewa eneo la pwani na visiwa mwaka 1952, wakachimba Unguja shimo lililopita mita 4,000, wakachimba na Pemba, na mwaka 1964 wakaliachia eneo bila ya pipa moja la kuuza. Mwandishi anaufuata mkondo huo mpaka azimio la Baraza la Wawakilishi la 2009, sheria yetu ya mafuta na gesi ya 2016 na mkataba wa RAK Gas wa Oktoba 2018. Imeandikwa kwa uangalifu na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na sisi wasomaji wake. Takwimu za shimo la mita 4,000 lisilotoa kitu zimehifadhiwa, zimenakiliwa, zinasomwa upya kila mwekezaji anapobisha hodi. Takwimu za shimo la mita 30 nyuma ya hoteli ya Kiwengwa, linalovuta maji ambayo kijiji jirani nacho kinayategemea, zitafute uone. Mwaka 2001 Stefan Gössling alikadiria kwamba mtalii mmoja wa pwani ya mashariki anatumia wastani wa lita 685 kwa siku, mara nyingi zaidi ya mwenyeji anayejaza madumu yake mferejini. Mahoteli yameongezeka sana tangu hapo. Mamlaka ya Maji, ZAWA, imeundwa kwa Sheria namba 4 ya 2006, kwa hiyo hatuwezi kusema hakuna mwenye dhamana.

Makala nyingine ziko salama bila ya msaada wangu. Ya Crossland na miamba ya matumbawe ya mwaka 1902 ni fupi na safi. Ya sandarusi inatukumbusha bidhaa ya kuchimbwa iliyowatajirisha wafanyabiashara wa Unguja na Salem huko Marekani, ingawa nyingi ilitoka Mrima. Ya Pakenham na ardhi ya Chwaka inahusu sheria zaidi kuliko miamba. Ya mchanga wa kujengea isomwe na kila mwenye kiwanja. Tunauchimba kana kwamba kisiwa hiki kinaota upya kila masika.

Toleo lijalo nimeliweka kwa ajili ya visima peke yake. Mafundi, wahandisi, masheha na wenye mahoteli wenye daftari za uchimbaji, hata zilizoliwa na mchwa, watuletee: mahali, mwaka, kina, tabaka zilizopitwa, usawa wa maji na chumvi yake. Asiyetaka jina lake litajwe tutalificha. Kina na chumvi tutavichapa.