Mshahara mmoja kule Canada

Vikundi vyetu vingi vina mama mwenye mtoto, dada ao shemeji aliyefika Canada, wengine wakitokea kambi za Uganda, Burundi ao Tanzania. Na malalamiko tunayajua: anapokea dola elfu tatu kwa mwezi, anakosaje hamsini za kututumia? Wiki hii tuzihesabu hizo elfu tatu pamoja, juu ugomvi mwingi wa jamaa unatoka kwenye hesabu ambayo hakuna mtu aliyeiandika.

Kwanza, dola ya Canada si ile ya Marekani tunayoizoea sokoni. Dola 100 za kule ni kama 70 na kidogo za Marekani.

Tuchukue mfano wa jamaa ya watu watano katika jimbo la Ontario. Baba anabeba mizigo katika depo, mama anabaki nyumbani na mtoto wa miaka 3, wakubwa wawili wako shuleni. Tangu Oktoba 2025 mshahara wa chini kabisa kule ni dola 17.60 kwa saa. Ukifanya saa 40 kwa wiki, unapata karibu 3,050 kwa mwezi. Lakini feza ya uzeeni, bima ya kukosa kazi na kodi ya serikali vinakatwa mbele mshahara haujafika benki. Tuseme zinaingia 2,700.

Nyumba ya vyumba viwili vya kulala mjini Ottawa ao Toronto inaweza kula 2,000. Zinabaki 700 za chakula, umeme, simu, basi na makoti ya baridi. Haziwezi kutosha watu watano.

Kinachosimamisha nyumba hiyo ni feza ya watoto. Kutoka Julai 2025 mpaka Juni 2026, jamaa yenye mapato madogo inaweza kupewa mpaka dola 7,997 kwa mwaka kwa mtoto asiyetimiza miaka 6, na 6,748 kwa mwenye miaka 6 mpaka 17. Kwa watoto wetu watatu ni karibu 1,790 kwa mwezi. Na kwa kawaida, pale baba na mama wanapoishi pamoja, serikali inamlipa mama. Kwa hiyo mama asiyejua kusoma barua za serikali ajifunze haraka ao atafute wa kumsomea. Asimwachie bwana kila karatasi.

Sharti lake ni hili: bwana na bibi, kila mmoja atangaze mapato yake kila mwaka, hata yule ambaye hakupata franga moja. Siku ya mwisho ni tarehe 30 Aprili. Usipotangaza, feza ya watoto inaweza kusimama mwezi wa Julai, na mwenye nyumba hatakungojea. Kuna watu wa kujitolea wanaowasaidia bure wenye mapato madogo kujaza karatasi hizo. Mujue pia kwamba bwana akifanya saa nyingi za ziada mwaka huu, feza hiyo inaweza kupungua kuanzia Julai inayofuata. Wengi hapo wanadhani wameibiwa.

Sasa tuko na 4,490. Toa nyumba, zinabaki 2,490. Mimi naweka chakula 1,100, umeme na simu na intaneti 300, basi 300, deni la tiketi ya ndege 100 (ndiyo, wakimbizi wengi wanarudishia serikali feza ya safari), sabuni, nguo na pampers 300. Zinabaki 390. Hizo ndizo kila mtu anazililia: dawa ya mtu mzima, viatu vya theluji, harusi ya Uvira, matanga ya Bukavu.

Kwenye chakula ndiko mama anaweza kuokoa. Anunue mchele wa mfuko mkubwa, maharagwe makavu, kabichi, kuku mzima. Sombe ya kugandishwa na unga wa muhogo vinapatikana kule, lakini viwe vya siku ya Mungu. Koti la baridi linunuliwe baridi inapoisha, ao lililovaliwa. Mbele ya kutia sahihi ya nyumba, aulize kama joto liko ndani ya bei. Kadi ya mkopo ya benki aiogope: deni lake linazaa karibu 20% kwa mwaka.

Juu ya kututumia sisi, wafanye kama sanduku letu la AVEC lenye funguo tatu: bwana na bibi wapatane kiasi kimoja, tuseme 60 kwa mwezi, kisiguswe na simu ya usiku. Na sisi huku tupange nani anapokea mwezi gani, kama likirimba. Mama mwenye mtoto kule, muombe akutumie hesabu yake kwa simu, uisomee wakubwa wa jamaa mbele ya kumuomba feza za matanga.