Watoto Wetu Si Yatima

Mwezi huu nataka kunena nanyi habari ya watoto, nami nitaanza kwa kuungama kosa la nyumba yangu mwenyewe, msije mkadhani ya kuwa nawahukumu wengine.

Mwaka uliopita padre alikuja mtaani kwetu kuwajaribu watoto waliokuwa tayari kwa Kipaimara, na binti yangu alikuwa mmoja wao. Akaulizwa Kanuni ya Imani, akaisema pasipo kukosa. Akaulizwa Amri Kumi, akazitaja zote kwa taratibu. Kisha padre akamwuliza kwa upole, "Mwanangu, nyumbani kwenu husali saa ngapi?" Mtoto akanyamaza kidogo, akajibu, "Nyumbani hatusali, Padre. Baba husalisha kanisani."

Waliokuwapo wakacheka, lakini mimi nalitamani ardhi inimeze, kwa maana mtoto alisema kweli. Kila jioni nalirudi nimechoka kwa kufundisha watoto wa watu, nikala, nikalala. Mke wangu alidhani ya kuwa nawafundisha wanetu darasani, yatosha. Nami nalidhani yeye awafundisha jikoni. Kumbe hapana aliyewafundisha kusali.

Usiku ule sikupata usingizi. Nikakumbuka habari tulizosomeshwa shuleni za mwanzo wa Kanisa katika pwani yetu. Mwaka 1864 Askofu Tozer alipofika Unguja, Sultani alimkabidhi wavulana watano waliotoka utumwani. Mmoja wao, John Swedi, akawa shemasi mwaka 1879. Kadhalika Bagamoyo, tangu mwaka 1868, mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walikusanya watoto waliokombolewa, wakawalea na kuwafundisha. Na Freretown, karibu na Mombasa, mambo yalikuwa vivyo hivyo. Wengi wa watoto wale walinyang'anywa mikononi mwa mama zao wangali wadogo, wasijue tena njia ya kurudi kwao. Basi misheni ilipaswa kuwa baba na mama yao. Bweni likawa nyumba yao, na kanisa likawa ukoo wao.

Twamshukuru Mungu kwa kazi ile. Lakini fikirini, ndugu zangu: je, watoto wetu nao ni yatima? Wanao baba na mama, wanao bibi na babu, na wajomba na mashangazi. Walakini twawapeleka kwa mwalimu kana kwamba hawana mtu nyumbani. Watoto wale wa kale walinyang'anywa wazazi wao na wafanya biashara ya watumwa. Watoto wetu, ni nani aliyewanyang'anya wazazi wao katika mambo ya imani? Ni sisi wenyewe.

Fungueni Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, mwone. Musa hakuwaachia makuhani peke yao kazi ya kufundisha watoto. Aliwaagiza watu wote, tena akataja nyumba, na njia, na saa ya kulala, na saa ya kuamka. Mwalimu hayupo saa hizo. Yeye anaye mtoto kwa saa chache tu za juma. Saa nyingine zote ni zenu.

Labda mama mmoja atasema, "Mume wangu hajaamini, nitawezaje peke yangu?" Mama, mtazame Timotheo. Baba yake alikuwa Myunani, lakini Mtakatifu Paulo akumbuka imani iliyokaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Paulo alipomchukua kijana yule kuwa mwenzi wake wa kazi, alikuta shamba limekwisha kulimwa.

Mwingine atasema, "Mimi sijui kusoma." Basi na asome mtoto, nawe usikilize. Mama yangu mzazi hajui herufi hata moja, lakini wajukuu wake wamemsomea habari za Yusufu na ndugu zake mara nyingi, hata sasa azijua kuliko mimi, naye huwasimulia watoto wa jirani penye moto kama asimuliavyo hadithi za sungura na fisi. Wala hapana anayesinzia.

Nanyi waalimu wenzangu, tusijivune kwa sababu watoto wajibu vema darasani. Kasuku naye hujibu. Yatupasa kuzifikia nyumba zao, tuwaambie wazazi somo la juma hili ni lipi, ili mtoto asikie neno moja kanisani na nyumbani. Na sisi tuliosimamia watoto katika ubatizo, twakumbuka hata majina yao? Wengi wetu tulikula karamu siku ile, tusiulize tena habari za mtoto mpaka leo. Chungu hakikai juu ya figa moja: nyumba ni figa, kanisa ni figa, na msimamizi ni figa la tatu.

Katika nyumba yangu twafanya hivi sasa. Jioni, kabla ya chakula, mtoto mdogo huanza Baba Yetu, mkubwa husoma Injili ya Jumapili ijayo, kisha mama yao huuliza swali moja, nasi twaombea jirani mmoja kwa jina lake. Haipiti robo saa, na ugali haupoi. Jioni ya kwanza nalipopiga magoti, binti yangu alinitazama kama mtu amtazamaye mgeni. Nalihuzunika sana, lakini nalistahili. Sasa nikichelewa kurudi, yeye huja mpaka njiani kuniita, akisema, "Baba, twakungoja."

Basi, kabla hamjapokea barua yangu ya mwezi ujao, kila nyumba ichague saa yake. Msingoje mpaka mjue kusali vizuri. Anzeni, na watoto watawasaidia. Mungu awabariki ninyi na wana wenu.

Wasalaam,
Ni mimi ndugu yenu, Mwalimu wa Dini