Fungueni Mashine Zenu za Barafu

Fundi alilegeza skrubu, akang'oa bamba la mbele la mashine yangu ya barafu, kisha akaniita. "Mama, hebu njoo uone."

Nilikuwa nimemwita kwa jambo jingine. Ilikuwa Februari, joto la Dar es Salaam lile la kukatisha tamaa, na mashine ilikuwa inatoa barafu nyembamba, tena kidogo. Alipitisha kidole nyuma ya pazia la plastiki, pale barafu inapodondokea, kidole kikarudi na utelezi wa rangi ya waridi. Kwenye pembe kulikuwa na madoa meusi ya ukungu. Chini, kwenye kihori cha maji, ukoko mweupe ulikuwa umeganda, sawasawa na ule wa ndani ya birika la chai.

"Mara ya mwisho imesafishwa lini?"

Nikamwambia naifuta kila asubuhi, na ilikuwa kweli. Mlango uling'aa hadi unaweza kujitazamia ndevu, ungekuwa nazo. Ndani sikuwahi kuingia tangu niinunue, mwaka wa tatu huo.

Wenzangu wenye migahawa, baa, vibanda vya juisi na kumbi za sherehe, na ninyi wateja mnaotuletea fedha zenu mkiwa na kiu: sina nia ya kumuumbua mtu. Nimeanza na uchafu wangu ili kila mmoja aende akatazame wake. Ninachoomba ni kazi ya pamoja, na nitaitaja. Lakini kwanza tuelewane tunazungumzia nini.

Barafu ni chakula. Inaingia mdomoni, haipikwi, haimenywi, haioshwi. Nyama ikitiliwa shaka tunaichemsha zaidi. Barafu inatoka pale kwenye sanduku moja kwa moja hadi kwenye bilauri. Na ile imani kwamba baridi inaua vijidudu ndiyo inayotuponza. Baridi huvilaza tu vingi vyao. Barafu ikiyeyuka ndani ya juisi, vinaamka. Wanaojifariji kwa pombe nao wasijipe moyo, kwani konyagi iliyochanganywa na soda na limau haina ukali wa kusafisha kitu.

Septemba 1987, huko Pennsylvania, Marekani, mvua kubwa ilileta mafuriko, maji machafu yakaingia kwenye visima vya kiwanda cha barafu. Barafu ile ilipouzwa, watu wa zaidi ya jimbo moja waliugua matumbo, wakiwemo wengi ambao hawakuwahi kukisogelea kiwanda hicho wala kuyaona mafuriko yenyewe. Sisi hatuhitaji kwenda mbali. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kilisambaa hadi mikoa mingi na Zanzibar, na tunaofanya biashara ya vinywaji tunakumbuka jinsi mteja alivyokuwa anaitazama bilauri, anakutazama wewe, halafu anaagiza soda ya chupa. Bila barafu.

Sasa uchafu unaingiaje kwenye mashine inayopokea maji ya bomba na kutoa barafu safi kama kioo? Nilimuuliza fundi, akanieleza huku anasugua. Pampu inayamwaga maji juu ya sahani ya kugandishia, yanateremka, yanarudi kihorini, yanapandishwa tena. Maji matupu ndiyo yanayotangulia kuganda. Chumvi na chokaa vinabaki kwenye maji yanayozunguka, vinazidi kukolea, na vingine vinashika kwenye sahani na kihori. Barafu ikifika unene wake, gesi ya moto inapitishwa nyuma ya sahani, barafu inaachia na kudondoka. Sahani ikiwa na ukoko, barafu inang'ang'ania. Hapo ndipo mashine inaanza kusumbua, na wengi wetu tunakimbilia kusema gesi imeisha.

Na maji yetu tunayajua. Mwenye bahati anapata ya Ruvu kutoka DAWASA. Bomba likikauka siku mbili tunageukia kisima, ambacho sehemu nyingi za jiji hili kina chumvi, au tunaita boza na kujaza tangi lililoko juu ya paa, ambalo ndani yake hakuna aliyechungulia tangu lipandishwe. Watengenezaji wa mashine hizi kwa kawaida husema zisafishwe ndani angalau kila baada ya miezi sita, na mapema zaidi maji yakiwa mabaya. Kwa maji ya kisima cha chumvi, mimi naona miezi mitatu ndiyo haki yake.

Ule utelezi wa waridi na ukungu mweusi havitoki kwenye maji peke yake. Vinakuja na hewa. Jirani yako akioka mikate, au wewe mwenyewe ukifungulia bia za pipa, hamira inaelea hewani na kupata pa kukaa. Halafu kuna jambo ambalo mimi sikulijua kabisa: sanduku la kuhifadhia barafu, kwenye mashine nyingi, si friza. Ni sanduku lililozuiliwa joto tu, barafu yenyewe ndiyo inayolipoza. Kwa hiyo muda wote kuna unyevu na maji yanayotiririka, na hakuna kitu ukungu unachokipenda kama unyevu. Umeme ukikatika kutwa nzima, yale mabonge yanayoshikana baadaye si barafu ya kumpa mtu. Mwaga yote, pangusa, anza upya.

Mikono yetu je? Hapa ndipo ninapokasirika, na nakasirika nikiwa nimefanya kosa lenyewe. Mhudumu anatoka kupokea noti, anachota barafu kwa bilauri. Bilauri ikipasuka mle ndani, hakuna jicho litakaloona kipande cha kioo katikati ya vipande vya barafu. Sanduku zima ni la kuyeyushwa na kuoshwa, hakuna njia ya mkato. Kichoteo kiwe cha plastiki ngumu au chuma kisichoshika kutu, kioshwe kila siku, kitundikwe nje ya sanduku. Ukikiacha kimezama kwenye barafu, mpini ulioshikwa na mikono kumi unalala humo usiku kucha. Na tafadhali, tuache kupozea chupa za soda, maziwa ya mtindi na mfuko wa nyama ya nyumbani kwenye sanduku la barafu ya wateja.

Kuna barafu nyingine inayonitia hofu kuliko hiyo ya mashine: magogo ya barafu yaliyotengenezwa kwa ajili ya samaki. Soko la samaki la Feri linayahitaji, wavuvi wanayahitaji, na hayana kosa lolote yakikaa chini ya changu na jodari. Kosa ni pale gogo linapofika mtaani kwenye mkokoteni, limefunikwa gunia, linapigwa nyundo chini, na vipande vinaishia kwenye ndoo ya juisi ya miwa. Ndugu yangu muuza juisi, najua mashine ni ghali. Basi nunua barafu ya pakiti iliyotengenezwa kwa kunywewa, au gandisha maji uliyoyachemsha. Barafu ya samaki mwachie samaki.

Turudi kwenye mashine. Usafishaji wake hauna uchawi, ila una mpangilio. Barafu yote inatolewa na kutupwa. Dawa ya kuondoa ukoko, ambayo ni asidi, inazungushwa na pampu, kisha maji safi yanapita mara kadhaa. Baada ya hapo ndipo inakuja dawa ya kuua vijidudu. Kwa jiki ya asilimia 3.5 isiyo na manukato, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji kinatosha kupangusia sanduku, kichoteo na pazia. Kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine yako kifuate kuliko maneno yangu. Barafu ya mizunguko ya kwanza inamwagwa. Usichanganye asidi na jiki hata siku moja: hewa inayotoka hapo ni sumu ya mapafu, na chumba cha mashine mara nyingi hakina dirisha. Usilete asidi ya vyooni wala steelwire, maana sahani nyingi zimepakwa nikeli, ikichubuka umeua mashine. Filta ya maji ibadilishwe kwa wakati wake. Bomba la maji machafu lisizamishwe ndani ya shimo au mtaro, liachiwe nafasi ya hewa, ili maji ya mtaro yasipande kurudi kwenye barafu. Kondensa, ile yenye mapezi kama rejeta ya gari, ipigwe brashi kila mwezi. Ikijaa vumbi kompresa inahangaika na LUKU inakimbia.

Sasa ombi langu. Wenye mashine katika mtaa mmoja tukae pamoja, tuchangishane. Fundi mmoja anayejua kazi aletwe, apite mashine zote kwa siku mbili za mwanzo wa wiki, biashara ikiwa bado imelala. Dawa na filta zinunuliwe kwa pamoja kwa bei ya jumla. Katika mtaa wetu tumeanza tukiwa wanne, na kila mmoja amelipa pungufu ya alichokuwa analipa peke yake kumwita fundi mashine ikishakufa.

Pili, kila mashine iwe na kadi, kama kadi ya kliniki ya mtoto, ibandikwe kwenye mlango: tarehe ya kusafishwa, tarehe ya filta, jina la aliyefanya, tarehe ya kurudi. Wahudumu wetu tunawapeleka kupima afya na vyeti tunavitunza kwa ajili ya bwana afya. Mashine inayomlisha kila anayeingia mlangoni haina hata karatasi moja. Mabwana afya, mkija kukagua, msiishie jikoni na chooni. Ombeni kufunguliwa bamba la mbele.

Na wateja, bila ninyi hili litakufa baada ya mwezi mmoja. Ulizeni. Si kwa ukali. "Samahani dada, mashine yenu ya barafu ilisafishwa lini?" inatosha. Akikujibu tarehe, kunywa. Akikujibu "huwa tunaifuta", agiza soda ya chupa, na umwambie kwa nini.

Yangu iko nyuma ya kaunta, upande wa kushoto. Kadi ina mistari mitatu tayari, na kichoteo kimetundikwa kwenye msumari ukutani. Mwenye wasiwasi apite ndani atazame. Bisibisi ipo kwenye droo.